Nduku Aliyeitwa Fundi wa Nguo

Ilikuwa siku ya soko Emali, na Nduku alikuwa ameshapita kwa wauza vitambaa watatu kabla ya kufika kwa Kyule. Alivaa sketi ndefu nyeusi. Alisimama wima kama askari, ingawa goti la kulia lilimfanya achechemee.

"Nataka utepe wa setini, mita ishirini. Rangi ya waridi."

"Mita ishirini? Kwani bibi harusi ana urefu gani?"

"Hakuna harusi. Ni wa kufungia viatu vya baleti."

Kyule hakujua baleti ni nini. Nduku akamweleza pale pale: ni dansi, naye alikuwa ameicheza Nairobi miaka kumi na mitatu, akisimama kwa ncha za vidole jukwaani, katika kundi la Mwendo. Goti lilipoharibika, wenzake walidhani ataliacha kundi. Badala yake alikuja Emali, akafungua tawi. Sasa ni mwaka wa saba anafundisha wasichana, anawashonea mavazi, anabembeleza wazazi wao.

"Mimi pia utanifundisha?"

"Na hilo tumbo?"

Kyule akacheka, akaomba namba. Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Umefunga duka?"

"Nimefunga. Nasikiliza redio."

"Wanasema nini?"

"Sijui. Nakuwaza wewe."

Mwezi wa Agosti Kyule alimpeleka Nduku Tawa, kwa mama yake Kanyiva, mzee wa kanisa. Nduku alivaa gauni la bluu lililofika kwenye vifundo, akafunga kitambaa kichwani. Mama akamimina chai.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

Kyule akamtangulia kumjibu mama yake. "Ni fundi wa nguo, mwaitu. Anashona."

Nduku akainamia kikombe chake. Uso ulimwaka.

Kwenye gari wakirudi, Kyule akajitetea. "Si ni kweli unashona?"

"Umenionea aibu."

"Dia, unajua watu wa kanisa. Wakisikia kucheza, na zile nguo za kubana..."

"Nishukishe hapa."

Tangu siku hiyo Nduku hakushika simu za Kyule. Mteja akimuuliza Kyule, "Yule mwalimu wa kucheza ako wapi?" alijifanya anatafuta mkasi. Baada ya wiki tatu alishindwa kuvumilia. Akaenda Tawa na kumwambia mama yake ukweli wote.

Kanyiva alikuwa akipepeta ndengu. Akaweka uteo chini.

"Uliniuliza kama nitamkataa?"

"Hapana."

"Basi aibu ilikuwa yako, ukanibebesha mimi."

Novemba, Mwendo walimfanyia Nduku sherehe ya miaka ishirini kundini, katika ukumbi wa shule moja Emali. Kyule na mama yake walikaa nyuma kabisa. Wasichana walipomaliza kucheza, mkuu wa kundi akamwita Nduku. Naye Nduku akatoka na gauni jeupe jepesi, akacheza polepole bila kuruka hata mara moja, mikono ikipanda na kushuka kama mtu anayeanika nguo laini. Kanyiva hakupepesa macho. Kyule ndiye aliyetazama sakafu.

Watu walipokuwa wakikunja viti, akamwendea Nduku.

"Nilikuonea aibu. Sasa najionea aibu mwenyewe. Mama anajua kila kitu."

Nduku akakaa ukingoni mwa jukwaa, akishika goti.

"Hata mimi nilikuwa na mdomo siku ile," akasema. "Miaka ishirini, nikashindwa kusema neno moja mbele ya mama yako. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Nilikukasirikia wewe ili nisijikasirikie mimi."

"Nduku, nataka kukuoa."

"Sitawaacha hawa wasichana."

"Usiwaache."

Kanyiva akafika, mkoba kwapani. Nduku akainuka kwa shida, akamwamkia.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mchezaji wa baleti. Nilipaswa kukwambia mwenyewe."

"Marahaba. Keti, goti linakuuma," mama akasema, akakaa kando yake.

Kyule alibaki amesimama mbele yao, mikono ikimning'inia, hadi Nduku alipomvuta shati naye akaketi.