Mama wa Nyuma ya Meza

Fundi miwani aliishi na dada yake tangu wazazi wao walipofariki, mpaka dada huyo, mvi zimemjaa kichwani, alipopata mchumba na kuhamia mji mwingine. Nyumba ikampwaya kama koti la kuazima. Alikuwa akifunga duka, anarudi, anapika, anakula amesimama.

Mteja wake mmoja, fundi keki, alimwonea huruma akamwingiza kwenye kundi lao la simu la wapenda picha. Kila Ijumaa walitumiana picha walizozipenda na kuelekezana: lipe jua mgongo, futa kioo cha kamera, usikuze, sogea. Wakamwita Mjomba Miwani.

Picha yake ya kwanza ilikuwa meza ya jikoni, mwanga wa alasiri umelalia kikombe kimoja.

"Mwanga safi," mmoja akaandika. "Ila huyo mama nyuma ya meza umemkata miguu."

Akacheka. Nyuma ya meza kulikuwa na ukuta. Akadhani ni utani wa kumpokea mgeni.

Ijumaa iliyofuata akatuma picha ya ndala zake mlangoni.

"Leo miguu imetokea, lakini mbona visigino vimetangulia mbele?"

Hapo hakucheka. Aliikuza picha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliona ndala tu.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na mtu. Mchana kweupe, akiwa anaosha vyombo, alisikia kiti kikivutwa taratibu kama kinavyovutwa na mtu asiyetaka kusumbua, kisha harufu ya nywele zilizoungua ikaja ikamkalia begani, na kila alipogeuka kiti kilikuwa kimesogea kidogo, kidogo tu, upande wake, naye shingo ikimsisimka alijikuta anasema kwa sauti ndogo, "Karibu," kwa sababu tangu dada yake aondoke hakuwa na wa kumwambia neno hilo.

Fundi keki akampigia simu.

"Mjomba, humo ndani unaishi na nani?"

"Peke yangu."



"Basi toka nje," akanong'ona. "Toka sasa hivi, tuongee ukiwa barabarani."

Kesho yake fundi keki alikuja na mganga, mwanamke mnene mwenye kikohozi. Mganga alifukiza kila chumba, akazungumza na ukuta wa jikoni kwa maneno ambayo fundi hakuyaelewa. Kiti kikatetemeka. Fundi keki akamshika mkono fundi miwani mpaka kucha zikamwingia.

"Ni jini," mganga akasema akihema. "Nimemfikisha mlangoni. Kumtoa siwezi, mimi si mwenye nyumba. Mwambie toka, mara moja tu, kwa moyo wako wote."

Fundi miwani akafungua kinywa. Aliutazama mlango, akakitazama kile kiti.

"Akitoka," akauliza polepole, "nani atabaki?"

"Mjomba!" fundi keki akalia. "Sema, nakuomba!"

Hakusema. Mganga alifunga mkoba wake bila kumlaumu, akamvuta fundi keki wakaondoka.

Ijumaa ilipofika, fundi miwani alivaa shati la kwenda harusini. Akaegemeza simu kwenye birika, akaitega ijipige yenyewe, akakaa nyuma ya meza na kutabasamu. Harufu ilikuwa nzito. Kitu baridi kilimgusa shavuni, naye hakujitikisa. Kisha akaituma picha kundini bila kuitazama, kwa furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi.

Majibu yakaanza kuingia.

"Hii ndiyo bora kuliko zote."

"Mama katoka vizuri, na tabasamu lake!"

Kisha wa tatu: "Ila safari nyingine, Mjomba, na wewe ukae pichani. Mbona umemwacha mama wa watu peke yake?"