Pengo la Picha ya Tisa

Kila siku baada ya chakula cha mchana, chama cha sayansi katika shule moja ya Uthiru kilipima nyota. Jua kali halikuwazuia, maana nyota zilikuwa kwenye picha: kundi la maelfu ya nyota kongwe, zimesongamana kama nyuki mzingani. Mwalimu Masila aligawa picha kumi na mbili zilizopigwa kila baada ya nusu saa. Kila nyota ilipimwa na wanafunzi wawili, kila mmoja kwa nakala zake, wakaipa alama ya mwangaza kati ya moja na kumi katika kila picha. Alama zisipopatana, nyota hiyo ingeachwa nje ya maonyesho ya sayansi katika uwanja wa Jamhuri.

Sharti lilikuwa moja tu: chakula kisikaribie meza. Lakini Munyiva, mjuaji yule, alikuja na githeri yake ya mahindi na maharagwe pale pale. Kipande cha parachichi kikateleza, pu, juu ya picha ya tisa. Alipoifuta aliiharibu zaidi, akaificha mkobani. Kwa kuwa nyota yake ilikuwa ikififia kidogo kidogo tangu picha ya kwanza, alibuni alama: mbili.

Ijumaa, mwalimu alipolinganisha, aliona kuwa Thuo, mwenzake Munyiva katika kuipima nyota hiyo, ameandika nane.

"Pengine ni macho yangu, mwalimu," Thuo alisema. "Munyiva huwa hakosei. Tuiache tu."

Munyiva aliona haya hadi masikioni. Mamake Thuo alikuwa ameshaomba ruhusa kazini aje kumsikia mwanawe akiieleza nyota hiyo.

"Mwalimu, mimi sikuipima," alisema. "Niliimwagia parachichi, nikaandika uongo."

Mwalimu alichukua picha ya Thuo. Nyota iling'aa waziwazi. Aliwaeleza kuwa nyota kongwe za aina hiyo, zilizomaliza hidrojeni katikati yake, hutanuka na kunywea. Hufifia polepole, kisha huwaka ghafla. Picha ya tisa ilikuwa imenasa kuwaka huko.

"Ungeacha pengo, tungejua kwamba hatujui," alisema kwa upole. "Ulipolijaza kwa uongo, nusura utupotezee kitu chenyewe tulichokitafuta. Andika ulichokiona, na usichokiona ukiri. Leo umekiri, nami nakushukuru."

Kesho yake huko Jamhuri, mamake Thuo aliketi mstari wa mbele. Zamu ya Munyiva ilipofika, aligusa picha ya tisa kwa kijiti.

"Hii mimi sikuipima," alisema. "Aliiona Thuo. Asante, Thuo."

Kisha akampa kijiti, aeleze mwenyewe.