Mguu wa Kulia wa Kipngetich

Siku ya soko mjini Eldoret, mtu akitaka kiatu kizuri cha mitumba lazima afike kabla bunda halijafunguliwa, asimame karibu na muuzaji, na awe na viwiko. Wacera alikuwa na viwiko. Kamba zilipokatwa na viatu kumwagika juu ya turubai, alijitosa katikati ya watu waliokuwa wakisukumana, akaona kitu alichokuwa akikitafuta kwa miezi: kiatu cha gofu cha zamani, ngozi ya kahawia mbele na nyuma, nyeupe katikati, na kipande cha ngozi kilichokatwa ncha ncha kikifunika kamba. Cha kushoto. Akakinyakua.

Cha kulia kilikuwa mkononi mwa mwanamume.

"Lete," Wacera alisema.

"Lete wewe."

"Mimi nimekiona kwanza!"

"Umeona cha kushoto. Mimi nimeona cha kulia. Tuko sare."

"Nyinyi wawili," muuzaji akapaza sauti, "si muoane basi, mvae kwa zamu!"

Watu wakacheka. Wacera hakucheka. Alimtazama yule kijana kuanzia juu: mrefu, mwembamba, shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, na chini kabisa, raba za kukimbilia zilizochanika kwenye kidole.

"Wewe ni mkimbiaji. Kiatu cha gofu utakifanyia nini?"

"Nacheza gofu, madam. Kukimbia nakimbia nikifukuzwa tu."

"Hiki ni namba saba. Wewe ni nane, na mguu wako wa kulia ni mpana kuliko wa kushoto. Ukifika shimo la tatu utakuwa unalia."

Kijana akainama kutazama miguu yake kana kwamba imemsengenya. "Umejuaje?"

"Mimi ni fundi wa viatu. Nataka nikipasue hiki nione kilivyoshonwa."

"Pasua tu, hata usihurumie. Hivi ni viatu vya babu, vizito kama matofali. Siku hizi kuna vyepesi kama mkate, havipitishi maji, havina kamba. Unazungusha kitufe pembeni, krr, krr, vimekaza."

"Na vikiharibika?"

"Unatupa."

"Basi ni takataka iliyochelewa tu kufika jalalani." Sauti yake ilikuwa imepanda. Hasira za Wacera hazikuwa na ngazi, zilianzia ghorofani. "Mimi natengeneza kiatu mtu azeeke nacho."

Kijana akamkabidhi cha kulia. "Chukua, fundi. Lakini siku moja nitakuja nione huko kuzeeka. Naitwa Kipngetich."

Alikuja kesho yake.

Karakana ya Wacera ilikuwa mtaa wa Munyaka, chumba kimoja cha mabati chenye harufu ya gundi na nta. Marehemu Mzee Mungai, baba yake Wacera, alishona humo viatu vya gofu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipofariki, Wacera alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo kikuu, na ukoo mzima ulingoja atafute ofisi. Yeye akavaa aproni ya baba yake.

Ukutani zilining'inia kalibu, miguu ya mbao iliyochongwa kufuata mguu wa kila mteja, jina limeandikwa kwa wino kisiginoni. Baba yake alikuwa na desturi: fundi akishakuchonga mguu, ni fundi wako mpaka mmoja wenu afe. Miguu mingi pale ilikuwa ya wazee ambao hawakucheza tena. Walivaa viatu vya Mungai harusini, au kwenye veranda ya klabu wakinywa chai. Kipngetich akaagiza jozi, na kalibu zake zilikuwa za kwanza Wacera kuchonga peke yake.

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, mguu ukiwa juu ya karatasi, uzi wa kupimia ukizunguka kifundo, na mpimaji akijisahau kuuondoa. Baadaye yakahamia kwenye simu.

"Hallo, fundi wangu."

"Sema, nane-na-mpana."

"Leo mvua imenipiga kuanzia shimo la tisa. Raba zimejaa maji kama karai. Vyako vitaweza hii mvua yetu?"

"Ngozi inapakwa nta. Sijui kama wewe utaweza."

"Nipake na mimi."

"Wee! Kata simu, huna adabu." Lakini yeye mwenyewe hakukata.

Kulikuwa na mashindano ya mchujo mjini mwishoni mwa mwezi. Watatu wa kwanza wangeenda fainali Nairobi, na huko mchezaji angeweza kupata nafasi ya kucheza kwa kulipwa. Kipngetich aliutaka mlango huo tangu alipoanza kubeba mifuko ya wachezaji gofu akiwa mdogo. Wacera naye alitaka kitu kimoja: watu wamwone Kipngetich akitembea mashimo yote kumi na nane ndani ya kazi ya mikono yake, wajue viatu vya Mungai si vya veranda. Alishona kwa wiki sita. Chini ya kila soli akapigilia meno kumi na moja ya chuma kutoka ndani, jinsi baba yake alivyomfundisha, yasitoke milele.

Alipomkabidhi, Kipngetich alivipindua. Akapitisha kidole juu ya meno ya chuma.

"Vipi?"

"Ni vizuri sana, Wacera."

Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza alimwita kwa jina badala ya fundi. Furaha haikumruhusu Wacera alitambue hilo.

Jumamosi ya mashindano, Betty, anayekaanga chapati mlango wa pili, aliingia na simu mkononi na unga hadi viwikoni.

"Wacera, huyu si Kip wako?"

Ndiye. Alikuwa kwenye shimo la kwanza, anatabasamu, miguuni amevaa viatu vyeupe pe, visivyo na kamba. Msichana mwenye kofia ya kampuni ya viatu, jina Vivian limeshonwa kifuani, alikuwa amepiga goti akimzungushia kitufe. Chini ya picha waliandika: Bingwa wetu amechagua viatu vya kisasa!

Wacera aliitazama mpaka skrini ikazima.

Jioni simu ilipoita, aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Wacera, naomba nije nikueleze..."

"Viko wapi, Kipngetich?"

"Kwenye mfuko."

"Kwenye mfuko! Wiki sita nimejichoma sindano ili vikae kwenye mfuko! Na huyo Vivian amekufunga vizuri?"

"Amezungusha kitufe tu. Sikiliza..."

"Krr, krr," Wacera alisema, akakata.

Akasimama katikati ya karakana. Kisha akauangua ukutani mguu wa kulia wa Kipngetich, akaupasua kwa shoka, akautia jikoni na kubandika sufuria ya chai juu yake. Alipoufikia wa kushoto, Betty, aliyesikia kelele akaingia, alikuwa ameukumbatia kifuani.

"Huu wacha. Kesho utakuja kunililia na mimi nina chapati za kanisa za kupika."

Jumatatu asubuhi Wacera alienda kuchukua viatu vyake. Hakuwahi kuingia uwanja wa gofu. Baba yake alizoea kuwapelekea wateja viatu getini. Alivaa gauni lake la kijani la mahafali, kwa sababu hakutaka mtu yeyote humo amwone akiwa mnyonge, akavuka nyasi moja kwa moja hadi mahali Kipngetich alipokuwa akifanya mazoezi peke yake, amevaa zile raba zake zilizochanika.

"Nipe viatu vyangu."

Alivitoa kwenye mfuko, vimefungwa gazeti, vinang'aa.

"Hata hukuvivaa."

"Nilivivaa mpaka shimo la kwanza. Msimamizi akaniambia niinue mguu. Akaona chuma. Akasema nivue au niende nyumbani. Vivian alikuwa na meza yake pale, akaniazima, mradi apige picha."

"Chuma kina nini?"

Kipngetich alivichukua tena. Aliingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto, akapiga goti pale karibu na shimo, ambapo nyasi zilikuwa fupi kama nywele za mwanajeshi. Akakandamiza, akazungusha, jinsi mchezaji anavyogeuka. Alipoinua, palikuwa na matundu kumi na moja na nyasi zilizong'oka na mizizi yake.

"Mpira ukipita hapa unaruka," alisema. "Chuma kilikatazwa hata kabla sijaanza kubeba mifuko. Siku hizi ni meno ya plastiki, au soli ya mpira tu."

Wacera alitazama yale matundu. Akawakumbuka wale wazee kwenye veranda, na jinsi walivyopenda kusimulia mlio wa meno ya viatu vya Mungai juu ya saruji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia. Kisha akakumbuka jambo jingine, na damu ikampanda upya.

"Siku nilipokupa, ulivipindua. Ulijua."

"Nilijua."

"Ukasema ni vizuri sana!"

"Nilidhani nitayatoa mwenyewe. Nilikaa na koleo siku mbili. Lakini uliyapigilia kwa ndani, ningepasua soli. Sikuweza kupasua kazi yako, Wacera. Ulikuwa na furaha. Nikatumaini hakuna atakayetazama chini."

"Kwa hiyo ulinihurumia." Sauti yake ilikuwa chini sasa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi si mgonjwa, Kipngetich. Mimi ni fundi. Mteja asiyenipenda angenirushia viatu usoni aseme, hii ni kazi gani, nami ningerekebisha siku hiyo hiyo. Wewe unayesema unanipenda ukaniacha nibaki mjinga. Afadhali huyo."

"Na ningekuambia saa ngapi?" Kipngetich naye aliwaka, Wacera hakuwahi kumwona hivyo. "Miezi mitatu nikikuambia habari ya nyasi, ya mvua, ya viatu vya siku hizi, ulisikiliza hata siku moja? Nikifungua mdomo, takataka! Ningeanzia wapi kukwambia hizo takataka zinajua kitu ambacho baba yako..." Akajikatiza.

Mwishowe Wacera akauliza, bila kumtazama:

"Ulikuwa wa ngapi?"

"Wa nne. Kwa pigo moja."

"Vile viatu vya Vivian vilikuwa namba ngapi?"

"Tisa."

Wacera alifumba macho. "Mguu ukacheza ndani."

"Shimo la mwisho."

"Kuna nafasi nyingine?"

"Nakuru. Mwezi ujao."

Wacera alikwapua viatu vyake na kuondoka bila kuaga.

Siku tatu simu ililia bila kupokelewa. Alikuwa na kazi. Alinunua sokoni kiatu cha gofu cha kisasa kilichopasuka, akakichana kwa kisu akitarajia kukidharau. Ndani kilikuwa kimetengenezwa na mtu anayejua kazi yake, na hilo lilimuudhi kuliko picha ya Vivian. Akang'oa soli za viatu alivyomshonea Kipngetich na yale meno ya chuma aliyofundishwa na baba yake, akayafunga kwenye kitambaa na kuyaweka mahali pazuri. Akaishonea ngozi ile ile ya kahawia na nyeupe soli ya mpira yenye meno ya plastiki ya kuskurubu. Cha kushoto kikaisha. Cha kulia hakikuwezekana. Ndipo akapiga simu.

"Hallo?" Kipngetich alijibu haraka mno.

"Mguu wako wa kulia niliuchoma."

"Umesema?"

"Ule wa mbao. Nilichemshia chai."

"Chai ilikuwa tamu?"

"Mbaya sana. Njoo nikupime tena. Na usidhani hasira zimeisha."

"Sijadhani."

Alifika adhuhuri akiwa amelowa mvua. Akaketi kwenye kigoda, akavua raba, akaweka mguu juu ya karatasi. Wacera akapiga goti na uzi wa kupimia. Hawakusalimiana.

"Kile pale mezani," Wacera alisema akiwa ameinamia kazi. "Kiangalie. Ukiona kosa, sema."

Kipngetich alikichukua kile cha kushoto. Akakikunja, akakipindua, akachungulia ndani. Alichukua muda mrefu, mpaka mikono ya Wacera ikaacha kupima.

"Hapa kisiginoni," alisema hatimaye, "mshono umeachia."

"Wapi?"

"Hapa."

Wacera akakinyakua, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa kweli. Mishono miwili imeachia. Alikunja uso, akafyonza, akakiweka karibu na sindano.

"Lingine?"

"Lingine si la kiatu. Nataka kumleta mama na wazee wetu hapa Munyaka, waongee na watu wenu."

"Kwanza Nakuru."

"Na nikiwa wa nne tena?"

"Hata ukiwa wa mwisho, walete. Lakini sasa hivi usisogeze kidole, utaniharibia kipimo."

Hakusogeza. Wacera alimaliza kupima, akachukua kipande kipya cha mbao, na kabla hata hajaanza kukichonga akaandika jina la Kipngetich kwa wino, akikandamiza kalamu kwa nguvu zote, kwa maana bado alikuwa amekasirika.