Kadi ya Bibi Onna

Kila Ijumaa, Ladina Caduff alipotoka shule alipitia kwenye kiwanda cha mbao cha mama yake, akafagia vumbi chini ya msumeno mkubwa. Mama yake, Madlaina, naye alianzia kwenye ufagio huohuo. Alijifunza kupasua mbao, akaja kukinunua kiwanda, akachaguliwa kwenye kamati ya shule, kisha kwenye baraza la kijiji. Ijumaa moja jioni alikuwa agombee uenyekiti wa baraza hilo dhidi ya mfugaji mmoja, Mzee Gieri.

"Kesho mama yako atarudi kwenye misumeno yake," Flurin, mjukuu wa Mzee Gieri, alimtania siku hiyo njiani.

"Na babu yako atarudi kwa ng'ombe. Angalau wale humsikiliza!"

Ladina alicheka, lakini moyoni aliogopa. Nyumbani alimkuta Bibi Onna amelala, mafua yamembana. Kadi yake ya kupigia kura ilikuwa mezani, kando ya bakuli la supu ya shayiri. Bibi angemchagua Mama, nani asiyejua? Ladina aliitia kadi mfukoni.

Ukumbi wa shule ulifurika. Watoto na wageni, wasio na kura, waliketi pembeni. Kura ilipigwa kwa kuinua kadi jina likitajwa. Ilipoanza, Ladina alinyemelea hadi nyuma, akajibanza kati ya makoti ya watu wazima. Kimo chake kifupi kilimficha. Jina la mama yake lilipotajwa, aliinua kadi juu, ukaonekana mkono tu. Wahesabuji wakapita, wakahesabu mikono, wakarudia.

"Mama Madlaina ameshinda," karani alitangaza, "kwa kura moja!"

Makofi yalilipuka. Mama alikwenda mbele akitabasamu. Ladina alijitokeza kati ya makoti. Kura moja!

"Mama, ngoja!" alipaza sauti. "Kura hiyo ni yangu. Nilichukua kadi ya Bibi."

Mama alifumba macho, akayafumbua, kisha akamgeukia karani.

"Futa hiyo. Tupige upya."

"Madlaina, usijimalize mwenyewe!" alimaka Reto, fundi wake. "Umeshashinda!"

"Reto, mbao iliyooza ndani tunaipaka rangi tukaiuza? Ladina, rudi pembeni."

Wakapiga upya. Jina la Madlaina lilipotajwa, Mzee Gieri alijikuna ndevu, kisha akainua kadi yake.

"Babu!" Flurin aliruka kitini. "Wewe si mpinzani wake?"

"Nyamaza, kijana. Anayerudisha ushindi usio wake hatanidhulumu malisho yangu."

Watu waliangua kicheko, na mikono mingi zaidi ikainuka. Safari hii hapakuwa na haja ya kurudia hesabu.

Nyumbani, Ladina aliirudisha kadi huku ameinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi. Nilijua ungemchagua Mama."

"Nani kakwambia?" Bibi alipenga kamasi. "Mimi nilikuwa nampa Gieri! Mama yako haonekani hapa nyumbani, sasa ndiyo tutamsahau kabisa sura!"

Mama, aliyekuwa akipakua supu, alicheka hadi kijiko kikamtoka mkononi. Kisha akamvuta Ladina karibu.

"Unaona, mwanangu? Hata anayekupenda ana mawazo yake, na huna haki ya kumchagulia. Ulikosea, lakini ulisema kweli mbele ya watu, na hilo limeniokoa. Ningeanza kazi kwa kura ya wizi, nani angeniamini tena?"

"Na adhabu yangu?"

"Utafagia kiwanda kila siku, si Ijumaa tu, mwezi mzima. Si kazi ya kudharau," Mama alisema akimpa supu. "Wenyekiti huanzia hapo."