Kistari Mahali pa Kiti

Fundi cherehani alifunga kibanda chake mapema, akaacha mezani gauni moja ambalo halijatiwa mikono. Jioni hiyo alitakiwa alazwe katika hospitali ya mji wa mbali. Kesho yake madaktari wangemtoa figo moja wampe pacha wake, ambaye hali yake haikuwa ya kungoja.

Kwenye uwanja wa ndege alipewa karatasi ya kuingilia. Penye namba ya kiti palikuwa na kistari tu. Akadhani maana yake ni kaa popote, akatulia zake kwenye benchi.

Ukumbi ulikuwa kimya mno. Sauti isiyo na mtu iliita majina, lake halikuitwa. Watu walipita mlangoni wakapotea, mpaka akabaki peke yake mbele ya karani. Karani alitazama kompyuta, hakumtazama yeye.

"Abiria wote wameshaingia."

"Na mimi je?"

"Wewe huna kiti, dada."

Fundi alijishika mkono kuhakikisha kwamba yupo. Aliogopa kweli.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja safari nyingine alimvuta pembeni. Huyo alifanya kazi ya kuwakatia abiria tiketi za ndege kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alimweleza kwamba kila safari kuna abiria wasiotokea. Kwa hiyo mashirika huuza tiketi kuzidi viti, ili ndege isiruke na nafasi tupu. Fundi alielewa upesi. Hata yeye hupokea vitambaa vingi kuliko anavyoweza kushona, akijua baadhi ya wateja watachelewa.

"Sasa leo kumetokea nini?"

Mama aliutazama ule mlango. "Leo wasiotokea wametokea wote."

Fundi naye akageuka kuutazama.

"Usiondoke hapa, mwanangu," mama aliendelea. "Mweleze karani shida yako. Mwombe aulize ndani nani yuko radhi kungoja ndege ijayo. Na siku nyingine jiandikishe kwa simu mapema, upate namba ya kiti kabla ya kutoka nyumbani."

Fundi alionyesha barua ya hospitali. Karani akainua uso kwa mara ya kwanza, akaenda kuuliza. Punde akatoka mwanamume na begi lake. Alimpisha fundi, na fundi akaingia.

Miezi mitatu baadaye, pacha wote wawili walikuwa wanajiandaa kurudi nyumbani. Tangu jana yake fundi alikuwa amejiandikisha kwa simu. Akazisoma namba za viti kwa sauti, mara mbili.

"Mbona unapiga kelele?" pacha wake alimuuliza.

"Nataka wasikie kwamba tupo," alisema. "Wawili."