Ukoga Chini ya Mchirizi

Nilirudi kuchukua reki tu. Jua lilikuwa limeshazama, na Eustace, mume wangu, kama kawaida yake, alikuwa ameiacha uwanjani. Reki ya serikali, ingepotea tungekoma.

Tulikuwa tunatunza nyumba ya wageni pale Mpanda, jumba la zamani lililoachwa na wazungu wa mgodi. Uwanja wake wa mbele ulitelekezwa mpaka ukoka wote ukafa, ukabaki ukoga: ile kijani laini, ya kuteleza, inayoota mahali pasipofika jua. Siku moja Bwana Afisa alikuja, akaupiga teke, akasema, "Sabasaba kuna wageni. Nikute ukoka hapa, la sivyo mfungashe."

Basi tukaparua, tukatifua, tukapandikiza ukoka, tukamwagilia. Uwanja ukaanza kupendeza, nisiseme uongo. Isipokuwa kona moja, chini ya mchirizi wa bati. Pale tukiparua leo, kesho ukoga umerudi. Mbichi. Na mvua ilishatuaga tangu Aprili.

"Bomba linavuja chini," Eustace alisema jioni ile tukila. "Kesho nachimba."

Nikatoka kufuata reki. Nainama kuiokota, nikasikia...

Tii... tii... tii...

Maji yanadondoka. Halafu harufu. Harufu ya maziwa ya kifua, yale yanayolowesha nguo wakati mwenye kuyanyonya hayupo. Harufu ile naijua mimi. Kama huijui, shukuru Mungu.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa kwenye kona. Kaniki kiunoni, kichwa kimenyolewa. Alimimina maji kutoka kwenye kibuyu taratibu, mkono wa pili unapapasa ukoga.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Mwambie mumeo asichimbe."

Maneno ya Eustace tuliyasikia wawili tu, ndani, mlango umefungwa.

"Kuna nini hapo, mama?"

"Wangu," akanong'ona.

Nikaelewa. Kwetu Mpimbwe, enzi zile, kichanga ambaye hajaota meno alikuwa hazikwi makaburini. Akina mama walimzika wenyewe chini ya mchirizi wa nyumba, maji ya paa yamdondokee, apate ubaridi. Pakikauka pale, na tumbo la mama yake linakauka. Mwanaume haonyeshwi mahali, wala haulizi. Ndiyo maana Eustace angeweza kuchimba hata juu ya wa kwake mwenyewe.

Maana na mimi nilikuwa na wangu. Lusia. Hakumaliza hata mwezi. Nilimwacha nyuma ya nyumba yetu, kisha likaja lori la Operesheni ya vijiji, tukaezua paa, tukapakia, tukahamishwa. Tangu hapo sikushika mimba tena. Kila kiangazi nililala macho wazi nikijiuliza mwanangu anapewa maji na nani.

Yule mwanamke hakugeuka.

"Na wako?" akasema. "Nani anammwagia?"

Nikaikumbatia reki.

"Nimepita kule..."

Akamimina. Tii... tii...

"Amekauka."

Jamani! Nilikaa chini palepale, nikalia kama siku ya kwanza. Sikuona aibu, sikuona hata woga.

"Mimi natembea, wewe umekaa hapa," akanong'ona. "Nishikie wangu. Nitakushikia wako."

Alipoinuka, kaniki yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Akazunguka pembe ya nyumba. Nikamkimbilia. Hakuna mtu. Kwenye vumbi zilikuwepo nyayo mbichi, zimetoka kwenye ukoga, zimeshika barabara ya kwetu Mpimbwe. Nilitafuta za kuja. Hazikuwepo.

Asubuhi Eustace akaja na sururu. Nikasimama juu ya ukoga.

"Toka hapo, Getrude."

"Huchimbi."

"Unataka tufukuzwe? Tutakwenda wapi?"

"Watufukuze! Ukitaka kuchimba, anza na mimi."

Alinitazama, akautazama ukoga, sauti ikashuka. "Ni mambo ya akina mama?"

"Ndiyo."

Akaiweka sururu chini. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza tangu msiba. "Na Lusia... yuko hivi hivi?"

"Yuko hivi hivi."

Mume wangu akafunika uso kwa mikono yake yenye udongo, akalia.

Sabasaba ilipofika alimwambia Bwana Afisa kwamba pale pana chemchemi, tukichimba ukuta utatitia. Bwana Afisa aliukanyaga ukoka wetu mpya, akaguna, akaenda zake. Kazi ikabaki.

Dorotea, jirani aliyekuwepo tangu enzi za mgodi, aliniambia palikuwa na mke wa mpishi aliyezika kichanga nyumba ile kwa siri, akafariki kabla wazungu hawajaondoka. Mwingine akasema hapana, yu hai, anaishi upande wa Inyonga. Sikuwabishia. Kila jioni nilimwaga maji.

Kiangazi kikikaribia kwisha, kaka yangu Ponsian akatuletea asali.

"Dada, nilipita kwetu wakati wa kurina," akasema. "Mahame matupu. Moto wa nyika umeunguza kote. Lakini nyuma ya nyumba yenu, ulipokuwa mchirizi, pana ukoga. Mbichi kabisa! Moto umepazunguka."

"Uliona nyayo?"

Akashtuka. "Umejuaje? Za mwanamke. Zinaingia tu... hazitoki."

Eustace akainuka, akatoka nje. Mimi nikachukua ndoo.

Mwaka uliofuata nikamzaa Helena, naye sasa ameolewa mbali. Eustace alishatangulia. Nilikataa kuhama mji huu, na uwanja ule umeshatelekezwa tena, ukoka wote umekufa, ila kona yangu iko kijani. Tatizo ni miguu. Inavimba, na kuna jioni nachelewa kufika. Nikichelewa, harufu ya maziwa inanijia mpaka kitandani.

Helena nimemweleza, akanicheka. Basi. Siku nikifa, jioni msinitafute kaburini. Nitakuwa njiani na kibuyu changu, na nikipita kwenu nikaomba maji, msiniulize ya nini.