Rudi Nyuma Kidogo

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo kama chembe ya chumvi. Mpiga picha wa gazeti la mji, ambaye watu walimwita Jicho, alikuwa na mtindo wake: penye hafla yoyote alichora mstari wa chaki sakafuni, akawapanga wakubwa vidole vya miguu vikiwa juu ya mstari, ndipo akabofya. Siku ya kugawa zawadi shuleni aliwapanga walimu hivyo hivyo. Alipozifungua picha ofisini, kila kiatu kilikuwa hatua moja nyuma ya chaki, na kila uso umefifia.

"Mkono unatetemeka siku hizi?" akauliza Mhariri, akichungulia begani kwake. "Au umaarufu umekupanda kichwani?"

Umaarufu wenyewe ulikuwa ule ukurasa wa mbele uliobandikwa ukutani: fundi cherehani, mwanamke wa makamo, amesimama mlangoni mwa duka lake lililoungua, moshi ukimzunguka kama shela. Chini yake Mhariri aliandika kwamba muda mfupi baadaye mama huyo aliangukiwa na boriti aliporudi kuokoa cherehani yake. Mji ukasoma, na mji, kama ilivyo kawaida ya miji, ukamhukumu maiti. Tamaa mbele, mauti nyuma, wakasema sokoni. Hakuna aliyejiuliza mwanamke mwenye akili timamu, aliyeshona sare za nusu ya watoto wao, angerudije kufuata chuma kilichokwisha kupinda kwa moto. Lakini mwanamke akishakufa, kila mtu humjua kuliko alivyojijua mwenyewe.

Jicho alijua. Mama yule alikuwa ameshatoka, amesimama barabarani salama, analia. Yeye ndiye aliyemsogeza. "Mama, simama pale mlangoni. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tu, hapo mwanga ni mzuri." Akarudi kwa adabu, kama watu wanavyomtii mwenye kamera. Jicho akabofya. Boriti ikashuka. Mhariri alipotunga uongo wake, Jicho alinyamaza, akazipokea pongezi.

Tangu siku ya shule, begi la kamera likaanza kunuka majivu mabichi, yale ya moto uliomwagiwa maji. Mkewe aliliosha, akalianika, likanuka zaidi. Kisha jioni moja, umeme ulipokatika, wakasikia kutoka ndani ya ukuta wa sebule: tak-tak-tak-tak, cherehani ya miguu, ikikimbia, ikipumzika kama inayogeuziwa kitambaa, ikikimbia tena.

"Jirani kanunua cherehani?" mkewe akanong'ona.

"Upande ule hatuna jirani," Jicho akajibu. Nyuma ya ukuta palikuwa na uwanja mtupu.

Binti yao, wa darasa la kwanza, akainuka kwenye kochi akaanza kutembea kinyumenyume, taratibu, macho kayakaza kwa baba yake, hatua moja, akasimama, hatua nyingine, kama anayepangwa na mtu asiyeridhika, mpaka kisigino chake kikakaribia jiko la mkaa lililokuwa likiwaka mlangoni, mama yake akaruka akamdaka, na mlio wa cherehani ukakatika ghafla, kama uzi uliokatwa kwa meno.

"Nani kakwambia urudi nyuma, mwanangu?"

"Baba."

"Baba yako hajafungua mdomo!"

"Sauti ni ya baba," mtoto akasema. "Inasema kidogo tu."

Mkewe akamgeukia. "Mume wangu, umefanya nini?"

Jicho akainama, akalisogeza jiko mbali na mtoto.

Asubuhi akaitwa shangazi wa mkewe, mwanamke wa visomo na ubani, ulimi wake mkali kuliko pilipili. Alilinusa begi, akalisukuma kwa mguu.

"Nani kafia motoni?"

"Yule fundi cherehani," mkewe akasema kwa sauti ya chini. "Ni yeye anayetusumbua?"

"Marehemu mwacheni, kapumzika. Hili ni jini la magofu yaliyoungua. Lilisikia neno likitamkwa pale, likaona linaua, likalipenda. Sasa linalitumia."

"Litoe, Shangazi," Jicho akasema. "Nakuomba."

"Nilitoe vipi, mkwe? Mimi nasoma, wewe unalilisha. Linakula ulichoficha. Nenda kwa ndugu za marehemu, na mtoto umchukue, ukaseme. Na usiseme nusu. Jini si mhariri."

Dada wa marehemu naye alikuwa fundi, akishonea barazani kando ya barabara ya malori. Mchana kweupe, wateja wamejaa. Alipomwona Jicho, akalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mpiga picha. Umefuata picha nyingine?"

"Dada, marehemu hakurudi kuokoa cherehani."

"Alifuata nini, basi?"

Jicho akawatazama wateja. "Nadhani... alichanganyikiwa," akasema, na neno lilipomtoka tu, harufu ya majivu mabichi ikapanda, cherehani ya dada ikaanza kwenda yenyewe, sindano ikidunga kitambaa mahali pamoja, mkono wa binti ukachomoka kwenye wake, mtoto akashuka barazani kinyumenyume, hatua, hatua, macho kwa baba yake, kuelekea lami, na lori likapiga honi ndefu isiyokatika, na Jicho akataka kukimbia lakini miguu ikamgomea, hana kiungo kinachotii isipokuwa mdomo.

"Mimi! Mimi ndiye niliyemrudisha! Alikuwa salama, nikamwambia arudi mlangoni ili nipate picha!"

Mtoto akasimama, visigino ukingoni mwa lami. Lori likapita nyuma yake, upepo ukimpeperusha gauni.

Dada alikwenda mwenyewe, akamnyanyua mtoto, akamketisha kwenye kiti chake. Kisha akamgeukia baba mtu.

"Mama yetu yumo ndani. Tangu gazeti lako litoke hajavuka kizingiti, kwa aibu ya kuzaa mwenye tamaa. Ingia ukamwambie."

"Dada, kwanza nisamehe."

"Nimesema ingia."

Akaingia, akasema. Akasema tena kwa majirani, akasema sokoni, akasema mbele ya Mhariri, ambaye alimfukuza kazi. Lakini jini halikutoka. Lilinyamaza tu, na lilinyamaza siku zile tu alizokiri kosa lake. Siku aliyojaribu kupumzika, walimkuta binti juu ya ukuta wa kisima, mgongo umeelekea maji.

Siku hizi Jicho hupiga picha za harusi. Kabla hajafungua kamera huwasogelea maharusi, akawasimulia yote, huku binti akimsubiri pembeni, mgongo kaubana ukutani ili nyuma yake pasiwe na nafasi. Wengine humsikiliza. Jumamosi iliyopita wenye harusi walimtimua kabla hajaanza, geti likafungwa, na barabara ilikuwa tupu, hakuna hata mbwa.

Binti akamvuta shati.

"Baba," akanong'ona, "mtafute mtu umwambie. Haraka."